Huyu Kijana Alifia Wapi?

Mbukwenyi! Wazee wa mbele sogeeni kivulini, sina mengi. Najua, hata mwaka jana nilisema sina mengi.

Juzi kilabuni nimewakuta watu watatu wakibishana kuhusu kijana wetu, yule askari aliyekwenda kulinda amani. Mmoja anasema alifia Darfur. Mwingine Lebanoni. Wa tatu, niliyemfundisha kusoma kwa mkono wangu huu, anasema, "Huko huko kwa Waarabu." Jamani! Darfur tulipoteza askari 7, tarehe 13 Julai 2013. Kijana wetu alifia Kongo. Mlikesha msibani, mkala wali, jeneza likaja na bendera juu, leo mnabishana kama Simba na Yanga.

Mtaniambia, Mwalimu, kumbukumbu si ipo? Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Sawa, na mimi huwa sikosi kutazama. Lakini pale wanakumbukwa kwa jumla. Semuliki, huko huko Kongo, 7 Desemba 2017, tunasema askari 15, basi. Hao 15 hawakutoka tumbo moja. Kila mmoja ana kwao, na kazi ya kwao Rais hawezi kuwafanyia.

Twendeni shambani kwa mama yake. Likizo ya mwisho alikuja na waya na hela ya nguzo, akapanda mistari sita ya mizabibu. Wa sita umepinda. Nilikuwepo, nikamwambia, "Vuta kamba, wewe!" Akanijibu, "Mwalimu, jeshini kutwa tunanyoosha mistari, niache nipumzike." Nilitaka kumchapa, na cheo chake kile.

Sasa mama anapogolea mistari mitano. Ule uliopinda haugusi. Na mzabibu usipopogolewa, watu wa Hombolo niwafundishe nini? Majani tele, zabibu hamna. Matawi yametambaa hadi chini, kuku wanatagia humo. Bwana shamba akaja, akamgombeza: unafuga wadudu, unawaharibia wenzako. Mama kimya, akamletea maji ya kunywa. Akahamishwa yule, akaja mwingine, akamgombeza vilevile! Na majirani mmesimama, mikono nyuma. Hata mmoja hakumvuta bwana shamba pembeni akamnong'oneza huo mstari ni wa nani.

Namwona kijana kule nyuma: kwa nini tupeleke watoto wakafie ugomvi wa watu? Swali zuri. Bunge liko hapo mjini, panda daladala ukawaulize. Hata wakikujibu vizuri, mama huyu atagombezwa tena.

Nilitaka niwagusie na babu zetu wa Keya, jeshi la Mwingereza, waliopelekwa Bama (Burma) kupigana na Wajapani, maana nao tumewapoteza hivi hivi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenyekiti, shusha mkono. Wewe ndiye uliyesema Lebanoni.

Haya, namaliza. Jumanne anaripoti bwana shamba mpya. Nani atamwahi kabla hajafika kwa mama?