Kipindi cha Leo: Limfoma ya Burkitt na Seli Zisizotulia

OCHIENG': Tunarekodi, dada Mwanaidi. Weka kikombe chini.

MWANAIDI: Haya. Leo seli, lakini si zile za mchoro wa ubaoni.

OCHIENG': Afadhali. Hatua zile nilizikariri, nikafanya mtihani, nikazisahau zote.

MWANAIDI: Si nzito. Seli hukua, hunakili DNA yake yote, hukua tena kidogo, ndipo hugawanyika. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara huchukua kama saa 24 kumaliza mzunguko, na kule kugawanyika kwenyewe ni kama saa moja tu. Utamu uko kwenye vizuizi vya katikati. Kabla ya kunakili, seli hujikagua: nimekua vya kutosha? DNA yangu ni nzima? Kuna agizo la kuongezeka? Jibu likiwa hapana, inasubiri. Nyingine husubiri miaka.

OCHIENG': Na zikikataa kusubiri?

MWANAIDI: Twende Kampala, 1957, hospitali ya Mulago. Daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, anaitwa amwone mtoto aliyevimba taya. Kulia, kushoto, juu, chini; pembe zote nne. Jipu la jino halifanyi hivyo, kaka. Wiki chache baadaye yuko Jinja, anamwona mtoto mwingine, uvimbe ule ule. Ndiyo hii limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu.

OCHIENG': Kule kwetu ziwani wengi wangesema ni jino tu, litang'olewa.

MWANAIDI: Na jino lenyewe linalegea kweli, kwa hiyo usiwalaumu. Ila uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Saratani chache sana za binadamu zina mbio hizo. Unaona meno yanacheza, na kabla hujapata nauli ya hospitali jicho limeanza kutokeza.

OCHIENG': Nani kaondoa vizuizi?

MWANAIDI: Kuna jeni, yaani kipande cha DNA chenye agizo, inaitwa MYC; huiamrisha seli igawanyike. Iko kwenye kromosomu ya 8, moja ya mafungu ya DNA ndani ya seli. Yenyewe ndiyo makanga: gari likijaa anagonga bodi, twende! Kisha ananyamaza. Sasa, kwenye Burkitt kromosomu hiyo hukatika, na MYC ikaungwa pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Na pale 14 ndipo seli B, hizi seli nyeupe za damu, husomea maagizo ya kutengeneza kingamwili, zile protini za kupambana na vijidudu. Sehemu hiyo haizimwi. Makanga anagonga usiku na mchana, hata abiria hajapanda. Hilo lilijulikana 1982.

OCHIENG': Lakini mbona uvimbe huu uko ziwani na si Nairobi?

MWANAIDI: Swali hilo lilimtoa Burkitt ofisini. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari la Ford la mtumba, wakazunguka wiki 10, karibu kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini, hospitali baada ya hospitali wakiuliza. Maeneo ya ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi, uvimbe huu unatoweka. Penye joto na mvua, upo. Unaijua ramani hiyo.

OCHIENG': Malaria!

MWANAIDI: Naam. Malaria ya kurudiarudia huzisukuma seli B zigawanyike mno. Na seli hizi, zikiwa zinaboresha kingamwili, hukata DNA zao wenyewe kwa makusudi. Ukikatakata sana, siku moja utaunga vibaya.

OCHIENG': Na nasikia kuna kirusi pia kinachohusika?

MWANAIDI: Epstein-Barr. Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 kulikuwa na ukungu, ndege ikatua Manchester. Kichupa kilipomfikia, maji yake yalikuwa na utusitusi. Mtu mwingine angesema bakteria wameingia, akamwaga. Yeye akatia tone chini ya hadubini: seli za uvimbe, hai, zinaelea. Akajua namna ya kuzikuza, na 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakakitangaza kirusi. Wewe na mimi karibu hakika tunacho. Watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanacho.

OCHIENG': Na tuko hapa tunapiga soga.

MWANAIDI: Kwa sababu seli ambayo MYC yake imepagawa kwa kawaida hujiua. Kuna protini, p53, inayosimamia hilo. Kirusi huizuia seli isife, na mara nyingi p53 nayo imeharibika. Lazima mabaya kadhaa yakutane.

OCHIENG': Dawa je?

MWANAIDI: Hapa ndipo ninapopapenda. Siklofosfamaidi huharibu DNA, na huumia zaidi seli inayogawanyika. Saratani nyingi zina seli zilizotulia, dawa inazipita. Za Burkitt karibu zote ziko mbioni. Taya linaweza kunywea ndani ya siku chache. Mwaka 1967 Mulago ikafungua kituo cha limfoma, ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda.

OCHIENG': Kumbe mbio zake ndizo zinazoiponza!

MWANAIDI: Usishangilie bado. Seli nyingi zikifa kwa mpigo, humwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zinaziba, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo dripu hutangulia, na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi hiyo, na mkojo wa mtoto unapimwa.

OCHIENG': Ndiyo maana mzazi huona siku inakwisha na kemo haijaanza?

MWANAIDI: Ndiyo maana. Akifikiri wamemsahau, amuulize nesi figo zinaendeleaje.