Chora Venice kwa rangi za maji kama Turner

Haya wadau, leo tunachora Venice alfajiri kwa namna ya Turner, yule mchoraji Mwingereza aliyefika kule mara ya kwanza 1819 akarudi tena 1833 na 1840. Tunafuata picha yake ya 1819 ya kanisa la San Giorgio Maggiore, lile la kisiwani ng'ambo ya maji, ipo Tate, jumba la sanaa kule London, itafute uiweke kwenye simu pembeni yako.

Kabla hujashika brashi iangalie vizuri. Ule mwanga ni karatasi yenyewe inaonekana chini ya rangi nyepesi mno, kwa hiyo kopo lako la rangi nyeupe liweke mbali kabisa, leo hatulihitaji.

Chukua karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, ibane kwenye ubao kwa masking tepu pande zote nne. Lowesha mbingu kwa maji matupu, subiri mpaka ing'ae ila isituame. Sasa njano hafifu chini pale mbingu inapokutana na maji, halafu bluu ukianzia juu unashuka nayo ukiipunguza kwa maji, na zikikaribiana ziache zikutane zenyewe jamani, ukizikoroga unapata kijani na alfajiri yote imekwenda. Imezidi? Gandamiza tishu, usisugue.

Iache ikauke. Igusishe nyuma ya mkono, ukisikia ubaridi bado ina maji.

Kanisa sasa. Bluu na kahawia kidogo, upate kijivu kimoja tu, jaza kuba, mnara wa kengele na ukuta kwa pamoja kama kivuli. Najua lile kanisa kalibuni Palladio, yule msanifu majengo wa Italia, na lina nguzo nzuri mbele, zinatamanisha kuzichora, lakini jua linatokea nyuma ya majengo, jicho halizioni, na Turner alikuwa anaamini jicho lake, hapo ndo ninapompendea. Kabla kijivu hakijakauka, brashi yenye maji ivute kuelekea chini, utapata taswira yake kwenye maji.

Mashua mbili tatu, mkwaruzo mmoja wa brashi kila moja, inatosha.

Mwisho, ikishakauka kabisa, chukua ncha ya wembe ukwangue vimstari vya mng'ao juu ya maji. Turner alikuwa anakwangua hata kwa kucha. Ukishakwangua usirudishie rangi juu, nyuzi za karatasi zimefunguka zitainywa yote papo hapo. Bandua tepu taratibu ukiilaza kwa pembeni.