Sifuri Si Lengo: Mwani Mkorofi na Maji ya Tangi la Bahari

Mabibi na mabwana, karibuni. Niingie moja kwa moja kwenye hoja, maana najua maswali ni mengi. Mfugaji wa samaki wa maji chumvi akiona mwani umeota kwenye tangi lake, wazo la kwanza huwa ni kushusha nitrati na fosfati, virutubisho vinavyolisha mwani, mpaka kipimo kisome sifuri. Jioni hii nataka kuwatoa kwenye wazo hilo. Maji ya tangi yanahitaji virutubisho, ila kwa kiasi, na anayekimbilia sifuri mara nyingi humfukuza adui dhaifu na kumkaribisha mwenye sumu.

Kabla ya kununua dawa yoyote, tambua kilichoota. Vumbi la kahawia kwenye kioo na mchanga wa tangi jipya, lenye wiki mbili hadi sita, ni diatomu, mwani mdogo wa chembe moja. Zinatumia silikati, madini yaliyoyeyuka majini, silikati ikiisha nazo zinaisha. Futa kioo, uendelee na shughuli zako. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka vipande vipande ukiupulizia maji kwa bomba la sindano ni sianobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani. Nyuzi za kijani zilizong'ang'ania mawe, ukizivuta zinakatika na mzizi unabaki, mara nyingi ni Derbesia. Kila uzi ukiwa umechanua pande mbili mfano wa unyoya, hiyo ni Bryopsis, na ina tiba yake. Vifuko vya kijani vigumu, vinavyong'aa, ni Valonia. Na makamasi ya kahawia yenye viputo vya hewa, yanayoongezeka mchana na kupungua usiku, hayo ndiyo ya kukutoa jasho: dinoflagelati, viumbe vya chembe moja vinavyoogelea.

Macho peke yake hudanganya, kwa hiyo fanyeni jaribio hili. Chukua makamasi kidogo, yatie kwenye chupa yenye maji ya tangi, tikisa mpaka yatawanyike kabisa. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha weka yale maji yaliyochujwa kwenye mwanga kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi, ni dinoflagelati, kwa sababu chembe zake hupenya karatasi na kuogelea mpaka zishikane upya. Mwenye darubini ya kukuza mara 400 hana haja ya kubishana na mtu: kati ya aina za dinoflagelati, Ostreopsis ana umbo la tone na huzunguka palepale, Amphidinium huteleza huku na huko.

Sasa maji. Watu wanabadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, kisha wanashangaa nitrati haishuki. Tupige hesabu. Tuseme chakula na kinyesi vinaongeza miligramu 4 za nitrati kwa kila lita kwa wiki, na nitrati imefika 40. Ukibadilisha asilimia 10 unatoa 4. Wiki inayofuata zinarudi 4. Umesimama palepale, na utasimama hapo mwaka mzima. Ukitaka kutulia kwenye 10 kwa ulishaji uleule, itabidi ubadilishe asilimia 40 kila wiki, jambo linalokula chumvi na mfuko. Ndiyo maana kazi kubwa ya kutoa uchafu inafanywa na skima ya povu, mashine inayonasa uchafu kwa mapovu ya hewa, na chumba cha mwani aina ya Chaetomorpha kwenye tangi la chini, taa yake ikiwaka usiku wakati ya juu imezimwa. Huo mwani lazima uvunwe. Usipouvuna haujatoa chochote, umehamisha tu.

Maji unayoongezea nayo ni mlango wa virutubisho. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku kwa mvuke, kwa mwezi unaongeza lita 90. Maji ya bomba au kisima yakiwa na nitrati miligramu 10 kwa lita, umeingiza miligramu 900, yaani 4.5 kwa kila lita ya tangi, kabla hujalisha samaki hata mmoja. Tumia mtambo wa RO, unaochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, wenye resini ya kumalizia kunasa kilichobaki, na mita ya TDS, ya vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Lakini mita hiyo ina upofu wake: inapima umeme unaopita majini, na silikati haipitishi umeme wa kutosha kuonekana. Resini ikianza kuchoka, silikati ni miongoni mwa vya kwanza kupenya huku mita bado inasoma 0. Tangi la miaka miwili likitoa diatomu ghafla, badilisha resini kabla ya kulaumu taa.

Kwa sisi wa Dar, Mombasa na Unguja tunaochota maji baharini: chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya mahoteli, na kipindi cha masika pumzika siku kadhaa baada ya mvua kubwa. Pitisha kwenye soksi ya mikroni 5, yaani mfuko wa kuchujia, hifadhi gizani pampu ikizunguka, kisha pima chumvi, nitrati na fosfati kabla ya kumwaga. Chumvi iwe 35 kwa elfu. Maji ya bahari kuwa ya bure hakuyafanyi kuwa safi.

Fosfati ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu haikai majini tu. Mawe na mchanga wa chokaa huinyonya na kuishika. Maji yakiwa na fosfati nyingi, mawe yanajaza. Ukiishusha majini, mawe yanaanza kuirudisha. Mtu anatia chembechembe za oksaidi ya chuma, dawa ya kunasa fosfati, leo, kesho anasoma miligramu 0.03 kwa lita, wiki ijayo 0.15, anadhani dawa ni mbovu. Dawa ni nzima, ni jiwe linalolipa deni. Tia kiasi kidogo, nusu ya kinachoandikwa kwenye kopo, pima kila siku mbili, badilisha ikichoka. Fosfati ikishuka kwa kishindo, matumbawe hupauka na kuchubuka kuanzia chini. Kloridi ya lanthani, dawa nyingine ya fosfati, ni ya bei nafuu na ina nguvu, ila itiwe tone kwa tone ndani ya soksi nzuri, si ovyo kwenye tangi, kwa sababu ile tope nyeupe inakera matamvua ya samaki, na samaki aina ya kangaja ndio wanaoumia zaidi.

Kuhusu vipimo: vile vimashine vidogo vinavyosoma fosforasi kwa ppb, yaani sehemu kwa bilioni, zidisha kwa 3.066 kisha gawanya kwa 1000 ili upate miligramu za fosfati kwa lita. Ppb 20 ni takriban 0.06. Futa kichupa kwa kitambaa laini kila mara. Alama ya kidole tu inabadilisha jibu. Tangi jipya lenye nitraiti litakupa nitrati ya uongo, kubwa kuliko ilivyo. Na mawe yakiwa yamefunikwa na nyuzi za kijani, fosfati 0 haina maana yoyote: mwani umeshaila kabla hujapima.

Kiwango ninachopendekeza, kwa miligramu kwa lita, ni nitrati 2 hadi 10 na fosfati 0.03 hadi 0.10. Utasikia watu wakitaja uwiano wa Redfield, mwanasayansi wa bahari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1934. Ule wa 16 kwa 1 ni wa atomi za naitrojeni na fosforasi. Kwa miligramu za nitrati na fosfati unakuwa kama 10 kwa 1. Isitoshe, alikuwa anaeleza plangtoni na maji ya bahari kuu vina nini. Hakuwa anaandikia tangi lako dawa.

Haya, dinoflagelati. Hawa hushamiri pale washindani wao wamekufa njaa. Mawe makavu mapya, skima kubwa, samaki wawili, dawa ya fosfati tangu wiki ya kwanza: nitrati 0, fosfati 0, na baada ya muda makamasi yanashuka toka kwenye mawe. Mfugaji anaona uchafu, anabadilisha maji mengi na kupunguza chakula. Anazidi kuwapalilia.

Fanya kinyume. Toa dawa ya fosfati, simamisha kubadilisha maji kwa muda, ongeza chakula. Kama vipimo bado ni sifuri, tia virutubisho kwa mkono. Kwa lita 200, gramu 0.55 ya nitrati ya sodiamu safi inapandisha nitrati kwa 2. Kwa fosfati, yeyusha gramu 4 za fosfati ya trisodiamu, ile ya fuwele yenye maji 12, kwenye lita moja ya maji ya RO; kila mililita ina miligramu 1 ya fosfati, na mililita 10 zinapandisha lita 200 kwa 0.05. Kesho yake utapima na kukuta imepotea. Ni mawe yamenyonya. Tia tena, siku baada ya siku, mpaka kipimo kikae.

Pamoja na hayo, taa ya UV, inayoua vijidudu katika maji yanayopita ndani yake, kama wati 18 kwa lita 200. Ivute maji kutoka tangi la juu na kuyarudisha hukohuko, mtiririko wa pole, mara moja hadi tatu ya ujazo wa tangi kwa saa. Inafaa kwa Ostreopsis na Coolia, aina nyingine ya dinoflagelati, ambao usiku huachia mawe na kuelea. Amphidinium mkubwa halali majini, analala mchangani, kwa hiyo UV haimgusi. Huyo anashindwa kwa kutia silikati ili diatomu zimnyang'anye nafasi. Ndiyo, diatomu tulizozidharau mwanzoni. Hapa ndipo darubini inapookoa hela.

Unapofyonza makamasi, vaa glavu, na usinyonye mpira kwa mdomo. Sumu ya Ostreopsis si ya mchezo. Inaua konokono, na hata mvuke wake umewahi kuwaumiza watu wa pwani ya Mediterania. Maji uliyofyonza yapitishe kwenye soksi ya mikroni 5 na kaboni amilifu, kisha unaweza kuyarudisha.

Bryopsis: flukonazo, ileile dawa ya fangasi ya famasi. Miligramu 5 kwa lita, yaani gramu 1 kwa lita 200. Fungua kapsuli, koroga unga kwenye maji ya tangi, mwaga. Ondoa kaboni na UV kwa wiki mbili hadi tatu. Mwani hupauka taratibu, kisha unaoza na kuachia virutubisho vyote, kwa hiyo ng'oa mwingi kwa mkono kabla ya kutia dawa. Valonia itoeni nzima nzima, jiwe likiwa nje ya tangi ikiwezekana.

*Swali kutoka ukumbini: Sianobakteria, naambiwa nitie erithromaisini, ile antibiotiki?*

Itaua, sikatai. Lakini utando ukifa kwa mkupuo unaoza, oksijeni inashuka usiku, asubuhi unaokota samaki. Na sababu bado ipo: uchafu uliotuama, mkondo dhaifu, au nitrati 0 huku fosfati ipo. Fyonza utando, elekeza pampu pale unapoota, rudisha nitrati iwe 5. Ukibaki, funika tangi siku tatu, giza kamili, na pampu ya hewa iwake muda wote.

*Swali: Kusuuza kamba wa barafu kabla ya kulisha kunasaidia?*

Kidogo sana. Fosfati nyingi imo ndani ya nyama yenyewe. Kupunguza mkono ndiko kunakosaidia.

*Swali: Si nimtie tasi amalize mwani?*

Tasi wa kwetu anakula mwani kweli, lakini anavuka sentimita 30, na miiba ya mapezi yake ina sumu. Si samaki wa lita 200. Halafu anachokula anakitoa palepale majini. Anza na konokono aina ya Trochus, 8 hadi 10 kwa ujazo huo. Akipinduka anaweza kujigeuza mwenyewe, Turbo mara nyingi hawezi. Wazoeshe maji kwa matone kwa saa moja au mbili, kwa sababu tofauti ndogo tu ya chumvi inawaua. Usiwatie kabisa kama una makamasi ya kahawia ambayo hujayapitisha kwenye lile jaribio la karatasi.