Togwa, Gunia Bichi na Bia ya Waingereza

Mwangaluka! Wakubwa wote shikamooni. Nimewaona na wale msiotumia kilevi, na sitawakera. Hata mkiondoka na habari ya togwa peke yake, nauli yenu haitakuwa imepotea.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kupika pale ale hapa Tabora, ile bia ya Waingereza yenye rangi ya dhahabu na uchungu wa hopsi, yale maua makavu yanayotiwa kwenye bia, kwa kutumia tulivyo navyo. Kila anayenipigia simu huuliza: hopsi nitapata wapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya joto. Basi nianze na hilo, maana bia yangu ya kwanza haikuharibiwa na hopsi. Iliharibiwa na Oktoba.

Maelezo niliyokuwa nayo yalisema hivi: lita 20, kilo 4.5 za kimea cha shayiri, hopsi gramu 40, chachu ya bia, ichachuke kwenye digrii 18 mpaka 20. Nikafuata juu, nikapuuza chini. Chachu ya bia sikuwa nayo, nikatia hamira ya maandazi. Ndoo nikaiweka stoo, chini ya bati. Kesho yake povu lilikuwa limeinua kifuniko na kushuka ukutani, nami nikafurahi kama mjinga, nikadhani mambo ndiyo hayo. Ilipotulia nikamwonjesha mama jirani. Akanusa kwanza, akanitazama. "Mwanangu, hii ni ya kunywa au ya kufutia rangi ya kucha?"

Alikuwa na haki. Chachu ikipata joto kali hufanya kazi mbiombio, na katika haraka hiyo hutoa vileo vizito vinavyochoma koo na harufu ya ndizi zilizopitiliza. Tena ndoo ina moto wake yenyewe: chumba kikiwa na digrii 28, ndani ya ndoo zinaweza kufika 31 au 32, kwa sababu kuchacha kwenyewe kunazalisha joto. Kwa hiyo kipimajoto cha ukutani kisikudanganye. Kibandike kwenye ubavu wa ndoo.

Dawa yake mnayo nyumbani. Maji ya mtungini huwa baridi kwa nini? Yanavuja kidogo kidogo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Fanya vivyo hivyo. Weka ndoo ndani ya karai lenye maji, ivishe gunia la katani, hakikisha pindo la gunia limezama majini ili lijivutie maji lenyewe, kisha acha dirisha wazi upepo upite. Mwezi wa saba hapa mjini, hewa ikiwa kavu, chumba changu kilikuwa digrii 26 na ubavu wa ndoo 20. Bila friji, bila umeme. Gunia likikauka usiku, umeliwa. Mimi huamka saa tisa kulimwagia maji, na mke wangu ameshazoea.

(Swali kutoka kwa ndugu aliyekuja na treni kutoka Kigoma: na kule ziwani, hewa ikiwa na unyevu?)

Hapo gunia linachoka, ndugu yangu. Hata hapa masika linachoka. Hewa ikishajaa maji, maji ya gunia yataenda wapi? Badala ya kugombana na joto, badilisha chachu. Wakulima wa Norwe wana chachu yao ya jadi iitwayo kveik, ambayo hufanya kazi kwenye digrii 30 hadi 40 bila kuleta ule uchafu. Inauzwa ikiwa imekaushwa, pakiti ndogo tu. Kwa mtu wa Kigoma, ningeanza na hiyo kabla sijanunua hopsi hata gramu moja.

Sasa kimea. Kimea cha shayiri cha kuagiza ni ghali, na mtama tunao. Lakini ukitoa shayiri yote ukatia mtama, ukafuata maelezo yaleyale ya shayiri, yaani kuloweka kwenye maji ya digrii 66 kwa saa moja, utapata maji ya uji yasiyo na utamu. Wanga wa shayiri hulainika kabla ya joto hilo. Wa mtama ni mkaidi, unataka zaidi ya digrii 70, na joto hilo likidumu linaua vimeng'enya, yaani vile vitu vya ndani ya kimea vinavyogeuza wanga kuwa sukari.

Bibi zetu walishalimaliza hili. Togwa inapikwaje? Unapika uji mzito mpaka uive sawasawa. Unauepua, unauacha upoe mpaka ukichovya kidole unakitoa upesi lakini hukuungua. Ndipo unatia kimea cha ulezi na kukoroga. Nendeni mkatazame: mwiko ulikuwa unasimama wenyewe, baada ya nusu saa umelala, uji umekuwa maji, na ulimi unaonja sukari ambayo hakuna aliyeitia. Wanga umepikwa peke yake, kimea kimekuja baadaye. Basi na sisi: kilo 1 ya unga wa mtama unapikwa uji, unapoa, unaingia kwenye sufuria yenye kilo 3 za kimea cha shayiri, mchanganyiko ukae kwenye 65 au 66. Shayiri ina nguvu ya kutosha kugeuza wanga wake na wa mgeni. Usiache sufuria juu ya jiko la mkaa, maana mkaa haujui digrii. Epua, funika, zamisha kwenye kile kikapu cha kuhifadhia chakula moto, saa moja na nusu. Ukichuja, maganda ya shayiri ndiyo yatakayokuwa chujio lako. Mtama hauna maganda hayo, ukiwa peke yake unaziba kitambaa.

Nusu kilo ya asali ya miombo ijazie utamu uliopungua. Itie mwishoni, ukishamaliza kuchemsha na hopsi na kuzima moto, isipoteze harufu. Asali huchacha karibu yote, kwa hiyo bia itakuwa kavu mdomoni, nyepesi. Ukizidisha umepika wanzuki, pombe ya asali.

Hopsi nizipitie haraka. Tazama asilimia ya asidi ya alfa kwenye pakiti, hiyo ndiyo inayoleta uchungu. Gramu 40 za asilimia 5 ni sawa na gramu 20 za asilimia 10, kwa uchungu. Tabora tuko kwenye mita kama 1,200, maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, na hopsi hutoa uchungu polepole zaidi. Mimi huchemsha saa moja na robo badala ya saa moja. Na pakiti ilale kwenye friza, maana joto la barabarani linaimaliza.

(Kijana mmoja: kwa nini tusitie mwarobaini?)

Hapana, mwanangu. Mwarobaini ni dawa, na dawa hatuikadirii kwa viganja. Isitoshe, hopsi zinazuia bakteria wengi wanaochachusha bia ikawa kali. Pombe yetu ya mtama haina kitu hicho, ndiyo maana ya jana leo imeshabadilika.

La mwisho, chupa. Usijaze mpaka haidromita, kile kipimo kinachoelea cha kuonyesha sukari iliyobaki, ikupe namba ileile siku tatu mfululizo. Sukari ya kuleta gesi chupani ni gramu 6 kwa lita, basi. Na katikati ya chupa zako za kioo weka moja ya plastiki ya soda, iliyooshwa vizuri. Kila asubuhi ibonyeze. Siku itakapokuwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, gesi imetosha, zote ziende kwenye baridi. Ikiendelea kuvimba, fungua za kioo siku hiyohiyo, ukiwa umezifunika taulo nene.