Msiitoe ile rejeta ya Ford

Haya jamani tuanze, wengine watatukuta njiani, foleni ya Mandela tunaijua wote. Shikamooni wakubwa zangu, vijana mambo vipi. Waandaaji waliniomba niongee kuhusu kufufua ndege za vita na kuziweka makumbusho, nikawaambia sawa ila mimi sio mwanahistoria, mimi fundi bodi wa ndege mstaafu, maisha yangu yalikuwa alumini na riveti, ile misumari ya kuunganishia mabati, kwa hiyo nitaongea kifundi na mkiona nimezama sana nivuteni shati.

Nianze na hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, imejichimbia ndani ya delta ya Rufiji. Septemba ilikuwa imeshaizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar, sasa Waingereza wanaitafuta hawaioni, mikoko imeifunika. Wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Durban anaitwa Cutler, ana ndege yake Curtiss, zile za kutua majini, wakapiga kambi kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Ndege yenyewe joto la huku halikuipenda kabisa. Mara rejeta ikafa. Spea hakuna. Wakafanyaje? Wakaenda kutafuta Mombasa, wakapata rejeta ya gari la Ford, wakaifunga kwenye ndege. Ikaruka! Na meli ikaonekana. (watu wanacheka) Mnacheka lakini hiyo ni Gerezani tupu, kama mafundi wetu wa magari pale, hakuna tofauti. Desemba injini ikamzingua tena huko juu, akatua mtoni, Wajerumani wakamdaka.

Sasa nawauliza. Tuseme kesho wavuvi wanainasa ile Curtiss kwenye nyavu, tunaibeba mpaka Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, fundi anafungua injini anakutana na rejeta ya Ford. Anafanya nini? Wengi wenu mtasema hii sio yake, toa, tafuta orijino ya Curtiss. Mimi nasema ukiitoa hiyo rejeta umebaki na bodi tu, ile ndege iliyoruka Rufiji umeshaitupa jalalani.

Na hilo ndo nimekuja kuongea leo, mengine yote ni nyongeza. Ukifufua ndege ya vita unachagua unairudisha siku gani ya maisha yake. Siku iliyotoka kiwandani? Siku iliyopigwa? Au siku uliyoiokota? Ukishachagua siku moja zile nyingine unazifuta, tena mara nyingi unazifuta na msasa namba themanini, kijana wa watu anasugua huku anasikiliza Singeli hajui anafuta nini.

Mfano wa kuumiza roho uko Misri. Juni 28, 1942 rubani Muingereza, Dennis Copping, miaka 24, alipotea na ndege yake ya kivita, Kittyhawk, jangwani. Ndege ikakaa kule miaka 70 hakuna mtu ameiona mpaka 2012 wafanyakazi wa mafuta wakaikuta, imetua kwa tumbo, parachuti liko pembeni inaonekana alilitumia kujikinga jua, na redio alikuwa ameitoa nje, yaani alijaribu kuita watu. Mwenyewe hakuonekana mpaka leo. Rangi yote imeliwa na mchanga, bati linang'aa jeupe. Ile ndege jinsi ilivyokuwa ilikuwa inaongea yenyewe, hata bango haihitaji. Ikapelekwa makumbusho ya El Alamein, na 2017 watu wakaiona imepigwa rangi mpya chwaa, tena rangi zenyewe sio, wapenzi wa ndege dunia nzima wakapiga kelele. Sasa ile rangi iliyoliwa na mchanga utairudisha na nini? Hairudi. Rangi mbaya unaweza kuitoa, kile kilichokuwa chini ndo kimeshaondoka.

Linganisha na Halifax, ndege ya mabomu iliyoko London, Hendon, kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza. Hii ilipigwa Aprili 1942 ikienda kuilipua meli ya Wajerumani, Tirpitz, kule Norway, ikatua juu ya ziwa lililoganda, barafu ikaachia ikazama. 1973 wakaitoa. Walianza kuitengeneza puani kidogo halafu wakaacha, ikaonyeshwa karibu vile vile ilivyotoka majini, imepinda, imechanika. Watu wanasimama pale muda mrefu kuliko kwenye ndege zinazong'aa.

Sisemi kila ndege iachwe na kutu, msininukuu vibaya. Memphis Belle ya Wamarekani, ile ndege kubwa ya mabomu aina ya B-17 iliyomaliza safari 25 za mabomu mwaka 1943, ilikaa nje mji wa Memphis miaka mingi, mvua yake, jua lake, na wezi wa vitu vya ukumbusho wakichomoa kimoja kimoja. Hiyo ungeiacha ilivyo ungekuwa unaonyesha uzembe wa baada ya vita, sio vita. Wakaipeleka Dayton, Ohio, wakaifanyia kazi kama miaka 13, ikafunguliwa kwa watu Mei 2018. Pale walichagua siku yao wakaifanyia utafiti, picha, filamu za zamani, kila kitu. Mi sina ugomvi na hilo.

Sasa tuingie gereji. Hapa ndo kwangu.

Ndege za vita vya pili nyingi ni aloi ya alumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, na alumini watu wanadhani haipati kutu. Inapata, tena kutu yake mbaya kwa sababu inaanzia ndani. Bati linafumuka matabaka matabaka kama chapati ya kusukuma, ukipitisha kucha inabanduka. Halafu kuna boliti za chuma zimepita kwenye alumini, ukiongeza maji ya chumvi umeshatengeneza betri, na kwenye hiyo betri anayeliwa ni alumini. Magnesi ndo usiseme, wenzetu walikuwa wanaipenda kwa rimu na vipande vya injini kwa sababu nyepesi, ukiizamisha baharini baada ya miaka unakuta tairi lipo, rimu hamna.

Mwaka 2013 Waingereza walinyanyua Dornier 17, ndege ya mabomu ya Wajerumani, kutoka baharini pale Goodwin Sands, ilidunguliwa Agosti 1940. Tatizo ukishaitoa kwenye maji ile chumvi iliyoingia ndani ya bati inakutana na hewa na kutu inaanza kukimbia, yaani miaka zaidi ya 70 imekaa salama kiasi chake halafu ndani ya wiki chache nje inaweza kuisha. Wakaiweka kwenye makumbusho yao ya Cosford, ndani ya nyumba za nailoni, hizi hizi grinihausi za kulimia nyanya, ikawa inanyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki, hii ya ndimu na limau, iliyopunguzwa makali, muda wote, kuitoa chumvi taratibu. Sio wiki, ni miaka. Kwa hiyo mtu akija kuniambia tukatoe kitu baharini Mafia namuuliza kwanza, grinihausi yako iko wapi? Kama hauna, kiache kule chini, samaki wanakitunza vizuri kuliko wewe.

Riveti nazo. Kuna riveti za aloi ngumu ambazo unazipasha kwanza kwenye tanuru, karibu nyuzi 490, unazitumbukiza majini, hapo zinakuwa laini, ila una dakika chache tu za kuzigonga kabla hazijakakamaa zenyewe. Dawa yake friza. Unazitoa kwenye tanuru, maji, friza, halafu unatoa chache chache unagonga. Karakana ya ndege ina friza na ndani hakuna samaki, kuna misumari, wageni wanashangaa sana. Ukigonga iliyokwisha kakamaa inapasuka kichwa, na ufa wenyewe huuoni kwa macho.

Ndege za vita vya kwanza ni mbao na kitambaa cha kitani. Unashona kitambaa kwenye mbavu za bawa kwa uzi uliopakwa nta, fundo kwa fundo, halafu unapaka vanishi yake wanaita dopu, ikikauka inavuta kitambaa kinakaza, ukikipiga kidole kinalia ngoma. Ile ya zamani inashika moto vibaya mno. Na mbao zina mambo yake, ndege ya Waingereza inaitwa Mosquito iliundwa kwa plaiwudi na balsa, ile mbao nyepesi sana, 1944 kule India zikazuiwa kuruka kwanza baada ya viungo vya gundi kwenye mbawa kuonekana vinaachia. Kwa hiyo fundi seremala wa Keko mwenye mkono mzuri kwenye kazi hii ana nafasi yake kabisa, tena pengine kuliko mimi.

Kitu kimoja nisisahau kwa sababu ni usalama wa watu. Zile geji za dashibodi zilizokuwa zinang'aa usiku zilipakwa rangi yenye radiamu. Leo haziwaki, ile poda ya kung'aa imeshachoka, lakini radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu tu. Ukiona geji ya zamani rangi yake imekuwa ya kahawia kahawia usifungue kioo, usipulize vumbi, usimpe mtoto, waite TAEC, wale wa Tume ya Nguvu za Atomiki, waje na kipimo. Kuna watu wanazinunua wanaweka sebuleni.

Kuna ile hoja ya kurusha. Watu wanataka wasikie injini ya Merlin ya ndege za vita vya pili inanguruma, silinda 12, lita 27, na mimi mwenyewe nikiisikia nywele zinasimama. Lakini angalieni. Afrika Kusini pale Swartkop walikuwa na ndege ya kivita ya Waingereza, Spitfire, inaruka, Aprili 2000 ikaanguka, ikabaki kazi ya kuijenga upya. Marekani 2019 B-17 ilianguka Connecticut, watu saba wakafa, 2022 pale Dallas B-17 nyingine ikagongana angani na ndege ndogo ya kivita, sita wakafa, tena mbele ya watazamaji. Na hata isipoanguka, ndege ya kuruka sheria inakudai ubadilishe kila kinachotiliwa shaka, mwisho wa siku kuna ndege zinaitwa za 1940 ambazo cha 1940 ndani yake ni kibati cha namba tu, mengine yote ya juzi. Mi sizichukii, ila ya makumbusho ikae chini, tena juu ya jeki ili miguu na matairi yasibebe uzito, na kila kipande kipya unachoweka kigongwe tarehe ili mjukuu wako ajue kipi cha vita na kipi chako.

Na bango. Jamani bango. Mnakumbuka Enola Gay, ndege ya Wamarekani iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima? Mafundi wa Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani, walianza kuifufua 1984, kazi nzuri mno. Inafika 1995, miaka 50 ya vita kwisha, ugomvi mkubwa ukazuka na haukuwa wa riveti hata moja, ulikuwa wa maneno ya kuandika pembeni. Wanajeshi wa zamani wanasema mnatuhukumu, wengine wanasema na waliokufa chini je. Maonyesho yaliyopangwa yakafutwa, mkurugenzi akajiuzulu, wakaonyesha sehemu ya mbele ya bodi na maneno machache, nzima nzima ikaja kuonyeshwa Desemba 2003. Ndege ukishaing'arisha inakuwa nzuri, na watu wakiona kitu kizuri wanasahau kilikuwa kinafanya kazi gani.

Kwa kwetu bango lingekuwa na watu gani? Chukua ile Königsberg. Ilipozamishwa Julai 1915 Wajerumani walitoa mizinga yake yote kumi, ikavutwa kutoka Rufiji, na waliovuta ni watu weusi kwa kamba na mabega, ikaletwa hapa hapa Dar kufungiwa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus Mombasa, mwingine Pretoria. Nenda kasome vibao vyake utafute aliyevuta kamba. Mimi nimetafuta.

(Swali kutoka nyuma, dada mmoja: mzee, sasa sisi tuanze na nini, maana ndege zenyewe hatuna?)

Swali zuri. Kwanza hewa ya Dar, unyevu mara nyingi unapita asilimia 70 na chumvi juu, kwa hiyo ukipewa ndege leo ukaisimamisha juu ya nguzo getini umeiua. Waingereza wenyewe zile Spitfire zao za getini walikuja kuzishusha wakaweka za faiba. Tungekuwa na hela ningesema hanga la kufungwa na mashine za kukausha hewa liwe Dodoma, sio hapa, watu wa Dar mnisamehe.

Pili, tuna vita vyetu vya juzi, vya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya, Tu-22, iliyokuwa upande wa Amin, ilikuja kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua wanyama. Mafundi waliokuwa wanahudumia ndege zetu wakati ule wengine wako hai, wako Mbagala, wako Ngerengere, wana daftari zao kwenye masanduku chini ya vitanda, walivyofunga nini mahali pa nini spea zilipokosekana. Rejeta zetu za Ford ziko kwenye hayo madaftari. Simu unayo, ina rekoda, nenda kaa naye, muulize alitumia bisibisi gani, usimuulize ushujaa, ukimuuliza ushujaa atakupa hotuba. Ila mwenye jeshi lake na siri zake tuulize ruhusa kwanza, tusije tukaishia pabaya. Wanaotaka kuingia kwenye hiyo kazi wabaki kidogo, karatasi ya kuandika majina iko pale kwa yule kijana mwenye fulana ya kijani.