Kichwa cha treni kinakimbia chenyewe, rimoti haisikii: fanya hivi

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo niko nyumbani hapa Moshi na meza yangu ya treni ndogo, na nataka tumalize hili tatizo linaloumiza watu sana: umewasha, umetulia, mara kichwa kinachomoka spidi yote, unabonyeza rimoti wapi, kinaenda tu. Changu kiliruka kwenye kona mpaka sakafuni, ndoano ya mbele ikavunjika, na nilikisubiri miezi kile, kwa hiyo najua uchungu wake.

Ikitokea, usikae unabonyeza stop. Stop nayo ni amri kama amri zingine, inapita kwenye reli kwenda kwa dekoda, ile saketi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri na kuendesha mota, na dekoda hapo imeshakuwa kiziwi. Kata umeme wa reli, chomoa plagi kabisa. Kama chako kina kapasita ya kutunza umeme kitaendelea kidogo hata baada ya kukata, hicho kidake tu mkononi ukinyanyue.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penyewe. Kwenye DCC, yaani mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni ndogo, reli inabeba umeme na amri kwa pamoja, ila dekoda nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimeruhusiwa kutembea pia kwenye DC ya kawaida, ile ya zamani ya ukiongeza volti treni inaongeza mwendo. Ikipiga shoti au amri zikikatikakatika, dekoda inadhani imewekwa kwenye reli ya DC, inaona volti kumi na kitu zote zile, inafungulia mota mpaka mwisho. Haijafa jamani, watu wanabadilisha mota bure!

Dawa iko kwenye CV29; CV ni mipangilio ya dekoda, kila mmoja una namba yake. Weka kichwa peke yake kwenye reli ya programu, ile ya kubadilishia mipangilio, vingine toa, usije ukabadilisha vyote. Soma CV29. Ikileta 6 andika 2, ikileta 38 andika 34, yaani unatoa ile 4 ya DC basi. Ukikuta tayari ni 2 au 34 usitoe kitu, DC imeshafungwa.

Ukimaliza hapo safisha, na hapa Moshi kiangazi vumbi si mchezo, asubuhi umefuta jioni reli ina utando. Chukua ile alkoholi ya isopropili wanayotumia mafundi simu, lowesha kitambaa cha pamba kidogo, pitisha juu ya reli hivi. Oneni hiyo michirizi myeusi, hiyo yote ndo ilikuwa inazuia amri. Halafu pindua kichwa, nyuma ya magurudumu kuna vibati vyembamba vya shaba vinavyochukua umeme, lazima viguse gurudumu. Hapa kwenye ekseli mnaona? Uzi wa zulia umejisokota, vuta na kibanio taratibu, ukitumia nguvu kibati kinapinda.

Mwingine ataniambia changu hakikimbii ila hakisimami haraka. Huyo aangalie CV4, ikiwa namba kubwa kinachelewa kusimama, ishushe. Na kama vichwa viwili vinaondoka pamoja, vyote viko kwenye anwani 3, yaani namba ambayo rimoti inaitumia kukiita kichwa, ndo inayotoka kiwandani, badilisha kimoja.

Haya tujaribu. Nimekiweka kwenye reli, spidi ya chini kabisa, nachukua sarafu ya shilingi 200, naiweka kulaza juu ya reli zote mbili mbali na treni, hizi treni zangu ni saizi ya HO, nafasi kati ya reli ni milimita 16.5 tu, kwa hiyo inafika pande zote. Kituo, yaani kile kiboksi kinachotuma umeme na amri kwenye reli, kimekata umeme, sawa, ndivyo inavyotakiwa, kisipokata toa sarafu haraka maana nyaya zitachemka. Natoa sarafu... umeme umerudi... angalieni kichwa, kimeondoka tena polepole vile vile.