Farasi Dar: Hesabu ya Banda, Majani na Daktari

REHEMA: Karibuni tena. Kuna msikilizaji wetu wa Tegeta katutumia ujumbe wa sauti. Kaonyeshwa farasi anayeuzwa, bei imemvutia, na hela anayo. Anauliza afanyeje. Kaka Salumu?

SALUMU: Asimlipe mtu bado.

REHEMA: Basi?

SALUMU: Kwa kuanzia. Hela ya kumnunua unaitoa mara moja. Lakini farasi mwenye afya anaishi miaka 25, wengine wanafika 30. Ukimnunulia binti yako mdogo leo, atakuja kuolewa, farasi bado yupo na bado anakula.

REHEMA: Yaani si kama gari, nikiishiwa nalifunika turubai.

SALUMU: Hata usipompanda mwezi mzima, anakula. Hebu tupige hesabu. Farasi wa kilo 500 anataka majani makavu kama asilimia 2 ya uzito wake kila siku. Kilo 10 hizo. Kwa mwezi kilo 300. Kama robota lina kilo 15, ni marobota 20.

REHEMA: Tuweke elfu 8 kwa robota, mfano tu, maana bei zinapanda na kushuka.

SALUMU: Laki moja na 60, majani peke yake. Hujaweka pumba, chumvi, wala mshahara wa saisi, yule mtunza farasi. Chumvi msiidharau, kwa joto letu hili farasi anatoka jasho balaa. Sasa kinachowaangusha watu ni masika.

REHEMA: Eleza hapo.

SALUMU: Machi mpaka Mei majani makavu yanakuwa ya shida, na yakipatikana yamekula unyevu, yanaota ukungu. Ya ukungu farasi hapewi. Yanamharibia mapafu, au tumbo linamkamata. Na farasi hatapiki dada, alichomeza kibaya hakirudi.

REHEMA: Ng'ombe si angekula tu?

SALUMU: Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, usimlinganishe na farasi. Kwa hiyo wanaojua wananunua Julai, Agosti, mvua zikiwa zimekatika, wanaweka akiba ya masika, wanayapanga juu ya mbao yasiguse sakafu. Ila kununua ya miezi sita kwa mkupuo kunataka hela iwe mkononi. Laki na 60 mara sita, piga mwenyewe.

REHEMA: Laki tisa na 60! Na mtu alishajiambia anamudu.

SALUMU: Mwezi kwa mwezi anamudu kweli. Mkupuo ndio unamshinda, halafu Aprili anahangaika na wenye majani wanamjua kabisa kwamba hana ujanja.

REHEMA: Maji je?

SALUMU: Lita 25 hadi 50 kwa siku, na joto likizidi anapita hapo. Siku maji yamekatika ujue unanunua madumu mawili matatu ya lita 20 kwa ajili yake tu.

REHEMA: Ila huyu ndugu yetu anakaa nyumba ya kupanga. Atamweka kwenye banda la watu, analipia kwa mwezi.

SALUMU: Vizuri, lakini aulize ile ada inabeba nini. Mara nyingi ni kulala, kula na kusafishiwa. Fundi wa kukata kwato, ambaye anatakiwa kila wiki 6 hadi 8, ni juu yako. Dawa ya minyoo, juu yako. Kusawazisha meno mara moja kwa mwaka, chanjo ya pepopunda, juu yako. Mimi ningetaka waniandikie, siyo kuambiana tu getini.

REHEMA: Hizo za mwaka mimi nazijumlisha, nagawa kwa 12, naziweka kando kila mwezi kama kodi ya nyumba.

SALUMU: Na pembeni kuwe na fungu la dharura, maana daktari wa usiku hasubiri mshahara. Kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo vinavyoruka na kuuma. Punda anaupata na mara nyingi hata haonyeshi, farasi asiye na chanjo anaweza kufa ndani ya siku chache. Visubi vinauma kuanzia machweo, kwa hiyo banda wanaloacha farasi nje usiku kucha msimu wa mvua, mimi simpeleki wangu, hata wanipunguzie bei.

REHEMA: Sasa huyu kaka tumkatishe tamaa?

SALUMU: Hapana. Atafute mwenye farasi wachangie gharama. Yeye siku zake tatu za kupanda, mwenye farasi zake, na anabeba sehemu ya majani na kwato. Apite masika moja hivyo, ataona kama mfuko unahimili.

REHEMA: Na kama bado anamtaka huyo wa kwake?

SALUMU: Amlete daktari wa mifugo amkague kwato, meno, macho, pumzi, amtazame akitembea na akikimbia. Daktari awe wa kwake, siyo wa muuzaji.

REHEMA: Na daktari huyo analipwa hata kama farasi hatanunuliwa?

SALUMU: Analipwa. Tena hapo ndipo anakuwa amekuokolea hela nyingi zaidi.